Mwimbaji na jini wa Ngezi: kuitengeneza filamu ya taarab yenye miujiza kwa vifaa vichache

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana wa Wete, Pemba. Tumeandika filamu ya dakika 25 juu ya mwimbaji wa taarab anayependwa na jini wa msitu wa Ngezi. Ina nyimbo nne, na jini wetu anaruka, anang'aa, anageuka paka na anazima taa. Tuna kamera moja, simu mbili na kompyuta ndogo ya kuhariria. Tulijaribu wimbo mmoja: midomo haikwenda na sauti, na jini anapotoweka inaonekana kama video imekatika tu. Tunafikiria pia kwenda kurikodi Unguja kwenye magofu. Tufanyeje?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, wanangu. Tatizo la midomo na tatizo la jini yana mzizi mmoja: kamera ilitoka wakati wimbo haujawa tayari. Katika filamu ya maneno matupu picha hutangulia na muziki hutiwa baadaye. Katika filamu ya nyimbo ni kinyume. Wimbo unarikodiwa, unakatwa na kupimwa sekunde kwa sekunde kwanza, kisha hatua za mwigizaji, mwendo wa kamera na hata kutoweka kwa jini vinaufuata. Kwa hivyo naanza na wimbo, na nitakaa hapo zaidi kuliko kwengine.

Wimbo wa taarab ukumbini unaweza kwenda dakika kumi na zaidi, kwa sababu ala zina nafasi yao na hadhira ina kazi yake ya kutunza. Kwenye filamu urefu huo unaiua hadithi. Lengeni dakika 3: utangulizi wa ala wa sekunde 15, ubeti wa kwanza, kiitikio, ala fupi, ubeti wa pili, kiitikio, basi. Nyimbo nne za dakika 3 ni dakika 12, yaani karibu nusu ya filamu yenu, na hapo ndipo mwisho. Kisha kila wimbo uulizeni swali moja: nani amebadilika baina ya ala ya kwanza na kiitikio cha mwisho? Wimbo usiobadilisha kitu utoeni, hata kama ndio mtamu kuliko yote.

Kuhusu maneno, taarab imekupeni zawadi ambayo watengenezaji wengi wa filamu za mapenzi hawana. Mapenzi yake yanasemwa kwa mafumbo, na hakuna haja ya mtu kumgusa mtu. Ubeti wa mishororo mitatu, mizani nane kwa nane, unabeba mapenzi na ujini kwa pamoja. Kwa mfano:

Asumini yanukia, imechanua gizani
Harufu naisikia, mwenye ua simuoni
Mbio namkimbilia, nashika moshi hewani

Mwigizaji akiimba haya ukumbini, watu wanadhani anamsema mpenzi wa mbali. Mtazamaji peke yake ndiye anayejua kuwa moshi ni moshi kweli.

Na msiache kutunza. Kutunza ni mchezo mzima wa kuigiza ambao tayari tunao. Mtu anainuka, anakwenda kwa mwendo wa ngoma mpaka mbele ya mwimbaji, noti iko juu mkononi, na mshororo anaouchagua kuinukia ndio ujumbe wake kwa mtu fulani ndani ya ukumbi. Jini wenu na akatunze. Atoe asumini mahali ambapo wengine wanatoa noti, na mwimbaji alipokee ua hilo mbele ya watu wasiomuona aliyelitoa. Tukio hilo halitaki hila yoyote ya kamera, na kwangu lina nguvu kuliko mwanga unaomwagika kutoka mikononi.

Upande wa muziki, tofautisheni dunia mbili kwa maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kodiani na kinanda cha kawaida hazina robo toni, kwa hivyo dunia ya watu ipewe nahawandi au ajam, maqamu zisizo na robo toni, na kodiani isikike. Dunia ya jini ipewe bayati, yenye robo toni, kwa udi na fidla peke yake, bila chombo chenye funguo. Sikio la Mzanzibari litaisikia tofauti hata kama mwenyewe hajui jina la maqamu. Kosa la kawaida ni kuichanganya kodiani na bayati. Ile sauti ya robo inagongana na ufunguo wa karibu, na wimbo mzima unasikika kama haukutiwa sawa. Ikiwa kikundi kamili cha taarab hakipatikani Wete, kidumbak kinatosha: fidla, vidumbak viwili, sanduku la besi, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonga).

Kwa kurikodi, tafuteni chumba kisicho na paa la mabati, maana manyunyu kidogo tu yanaharibu kazi ya siku nzima. Tandikeni magodoro ukutani. Dumbaki na besi zitangulie pamoja na sauti ya kuongozea, kisha udi na fidla, kisha waitikiaji, na sauti ya mwimbaji mwisho. Maiki ya mwimbaji ikae sentimita 20 hadi 25 kutoka mdomoni, kiwango kisivuke desibeli -12 hata pale anapopandisha. Mpiga dumbaki avae spika za masikioni zenye mdundo wa kupimia, ili ubeti wa kwanza na wa pili ziwe na mwendo mmoja; bila ya hivyo hamtaweza kukata na kuunganisha. Ile sehemu ya mwanzo ambapo udi unatangatanga bila ya mdundo iacheni huru. Msizifute pumzi za mwimbaji, kwa sababu pumzi ndiyo inayomwambia mwigizaji wakati wa kufungua mdomo.

Hifadhini kila ala peke yake, kwa kHz 48 na biti 24. Faili la 44.1 likisomwa na programu kama ni la 48, wimbo unakimbia karibu asilimia 9 na sauti inapanda zaidi ya nusu toni, na hapo hakuna mdomo utakaoufuata. Kisha tengenezeni nakala mbili. Ya kwanza ni ya filamu, iliyochanganywa vizuri. Ya pili ni ya plebeki, yaani ya kuchezeshwa kwenye spika mwigizaji akirikodiwa picha: sauti ya mwimbaji na dumbaki ziko juu, nyuzi ziko chini, na mbele yake milio mitatu mifupi ikifuatwa na mapigo manne ya dumbaki. Ikateni nakala hiyo vipande vipande, ubeti wa kwanza faili lake, kiitikio faili lake, na kila kipande kiwe na milio yake. Bila ya hivyo mtakuwa mnarudi mwanzo wa wimbo kila mara mtu anapokosea neno la mwisho, na jua halitakungojeni.

Siku ya kurikodi picha, mwigizaji aimbe kwa sauti, asitikise midomo tu. Shingo, kifua na mabega ya mtu anayeimba kweli hayafanani na ya mtu anayebwabwaja. Kama aliyeimba kwenye maiki si anayeonekana, hilo halina aibu. India imefanya hivyo kwa miongo mingi, na mwimbaji Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji chungu nzima huku yeye haonekani. Lakini anayeonekana lazima aijue rikodi kuliko anavyoujua wimbo, pumzi kwa pumzi, na pale sauti inapovutwa ajue itavutwa mpaka wapi.

Sasa midomo yenu. Chezesheni ile video yenu tena na mtazame kosa ni la aina gani, maana kila aina ina sababu yake.

Midomo ikianza sawa kisha ikazidi kupotea kadiri wimbo unavyokwenda, kosa ni la kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Simu nyingi hurikodi kwa kasi inayopandashuka, na baadhi hurikodi 29.97 mahali ambapo mnadhani ni 30. Hiyo tofauti ndogo, kwa wimbo wa sekunde 180, ni karibu sehemu ya tano ya sekunde, yaani fremu nne na nusu. Tumieni programu ya kamera inayofunga kasi kwenye 25, na video yoyote ya simu igeuzeni iwe ya kasi moja kabla haijaingia kwenye uhariri. Kasi ya 25 na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde inakufaeni pia kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50. Taa za ukumbini hazitapepesa.

Midomo ikiwa imekosea kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, kosa ni la ucheleweshaji. Spika zisizo na waya huchelewesha sauti, na spika mbili za namna hiyo zinaweza kuchelewa kwa viwango tofauti. Tumieni spika moja ya waya, iwe miguuni pa mwimbaji nje ya fremu. Kumbukeni na umbali: sauti huchukua fremu moja kusafiri mita 14, kwa hivyo kamera ikiwa mita 28 kutoka kwenye spika, maiki yake itasikia wimbo fremu mbili nyuma ya mwimbaji. Wakati wa kuoanisha, sogezeni hesabu hiyo. Maiki ya kamera isizimwe hata siku moja, kwa sababu ile milio mitatu iliyoingia humo ndiyo mtakayoilaza juu ya milio ya rikodi.

Na midomo ikiwa inakwenda na kupotea, inarudi na kupotea tena, kosa si la mashine. Mwigizaji hajaujua wimbo. Mrudisheni kwenye mazoezi.

Mkihakikisha kwenye uhariri, tazameni herufi zinazofunga mdomo: m, b, p. Hizo hazidanganyi. Pakibaki shaka, bora sauti ichelewe fremu moja kuliko itangulie, maana jicho linasamehe la kwanza na halisamehi la pili.

Tuje kwa jini. Nimehesabu katika maelezo yenu miujiza ya namna nyingi: anaruka, anang'aa, anageuka paka, anazima taa. Ushauri wangu ni kuwa muipunguze ibaki sharti moja tu: jini anaonekana muziki unapolia, na unaponyamaza hayupo. Sharti hilo linakupeni hadithi, kwa sababu mwimbaji akitaka kumuona lazima aendelee kuimba, na sauti ya binadamu inachoka. Linakupeni pia hila nyepesi, kwa sababu kila kutoweka kunaangukia kwenye kituo cha muziki. Mtazamaji akisikia pigo la dumbaki kisha kimya, macho yake yanakuwa yamekwisha kujiandaa, na ule mkato mliouona kama kosa unakuwa ndio jambo lenyewe.

Namna ya kuufanya: kamera juu ya stendi, ining'inizwe mfuko wa mchanga, asiiguse mtu. Fungeni mwanga, fokasi na rangi. Zikiachwa zijiongoze, fremu itabadilika rangi jini akiondoka, na hapo ndipo hila inapogundulika. Simamisheni mwimbaji upande mmoja na jini upande wa pili, baina yao pawe na nguzo au shina la mti. Rikodini kiitikio kizima wote wawili wakiwamo. Kisha jini atoke, na bila ya kungoja rikodini mahali hapo patupu kwa dakika moja. Kwenye uhariri gawanyeni fremu kwa kuufuata mstari wa lile shina: nusu ya mwimbaji inaendelea bila kukatwa, nusu ya jini inabadilishwa na ile tupu kwenye pigo. Hata programu ndogo za simu zinafanya hivyo. Angalieni kivuli cha jini na pindo la kanzu yake visivuke mstari, na msifanye siku ya upepo, kwani majani yataruka ghafla mkatoni.

Mkitaka aonekane kama kivuli kinachopenya, tumieni kioo, hila ya zamani ya majukwaani. Kioo cha fremu ya picha, sentimita 30 kwa 40, chembamba cha milimita 2, kisimamishwe mbele ya lenzi kwa pembe ya digrii 45. Kamera inamuona mwimbaji kupitia kioo, na jini anasimama ubavuni, nyuma yake kitambaa cheusi kikubwa, taa ikimmulika yeye tu. Taa ikiongezwa anajitokeza, ikipunguzwa anayeyuka, na mnaweza kuipunguza kwa mwendo wa wimbo. Umbali kutoka kioo hadi kwa jini uwe sawa na umbali kutoka kioo hadi mahali anapotakiwa kuonekana, la sivyo atakuwa mkubwa au mdogo kuliko mwenzake. Kioo kinene hutoa vivuli viwili. Ifunikeni na kamera kwa kitambaa cheusi, isijione. Jambo moja linasahauliwa sana: kioo hugeuza kulia na kushoto kwa anayeakisiwa, kwa hivyo jini asivae nguo yenye jina, maandishi yatasomeka kinyume.

Kwa mwendo usio wa kibinadamu kuna hesabu nzuri. Rikodini kwa fremu 30, chezesheni plebeki kwa kasi ya asilimia 120, kisha irudisheni picha kwenye 25. Midomo itaoana kabisa na wimbo wa kawaida, lakini nguo, nywele na moshi wa ubani vitakwenda polepole kidogo, kama mtu aliye ndani ya maji. Wimbo wa dakika 3 utaimbwa kwa dakika 2 na nusu. Mnaweza pia kwenda 50 na plebeki mara mbili, shata 1/100, lakini ni mshororo mmoja mmoja. Mwimbaji hawezi kudumu hapo. Mfanyieni jini peke yake, na mwimbaji asifanyiwe mpaka siku anapovuka upande wake. Moshi wa chetezo mulikeni kutoka nyuma. Ukimulikwa kutoka mbele hauonekani.

Msafara wa Unguja uacheni. Magofu ya Maruhubi na hamamu ya Kidichi ni mazuri, lakini kuvusha kikundi na vifaa kutakula siku na fedha ambazo nyimbo zenu zinazihitaji, na hadithi yenyewe ni ya Pemba. Mna Ngezi, mna ufukwe wa Vumawimbi, mna magofu ya Pujini ya mtawala wa zamani Mkama Ndume. Ndani ya Ngezi miti imefunga na mwanga ni wa kijani, na uso wa mtu huonekana mgonjwa. Shikeni shuka nyeupe mita mbili kutoka kwa mwigizaji irudishe mwanga safi. Mkitaka mchana uwe usiku, nendeni kwenye uwazi, jua liwe nyuma ya waigizaji, mbingu isiingie kwenye fremu, punguzeni mwanga wa kamera vituo viwili, yaani ubaki robo, na rangi ya kamera (white balance) iwekwe Kelvin 3200.

Ule mwanga wa samawati baada ya magharibi kwetu ni wa dakika kama 20 tu. Hautoshi kwa wimbo. Unatosha kwa picha moja au mbili, kwa hivyo zichagueni mapema, na mjipange zisigongane na sala. Adhana ikiadhiniwa plebeki izimwe, popote mlipo.

Ufukweni maji ndiyo yanayopanga ratiba. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 nyuma ya jana, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Mkirikodi ubeti wa kwanza leo saa kumi jioni na wa pili baada ya siku tano saa ile ile, bahari haitakuwa ile ile. Ama malizeni wimbo siku moja, ama rudini baada ya siku 14 au 15, maji yatakuwa yamekaribia pale pale.

Kosa jengine litakujieni kwenye uhariri: sauti ya chumba cha magodoro ikilazwa juu ya picha ya msitu inaonekana imebandikwa. Kabla ya kuondoka kila mahali, rikodini dakika moja ya mahali penyewe watu wakiwa kimya, kisha nyayo, mchakacho wa kanga, na ukumbini vigelegele na makofi bila ya plebeki. Zitieni chini kidogo ya wimbo. Na kuingia wimboni kutoka kwenye mazungumzo, mwigizaji aimbe mshororo wa kwanza papo hapo, maiki ikiwa imefichwa nguoni, bila ya ala. Badilisheni kwenda kwenye rikodi pale anapovuta pumzi. Kwa hilo sauti ya anayeonekana na ya aliyerikodi ziwe za mtu mmoja, au ziwe zinakaribiana sana.

Karatasi zianze kushughulikiwa wimbo unapoanza kutungwa, zisingoje mwisho. Hati ya mchezo pamoja na maneno ya nyimbo zote yapelekwe Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Sheha ajue siku na mahali, wasimamizi wa msitu na wa magofu nao watoe ruhusa yao, na droni ina kibali chake mbali. Andikianeni mkataba na watu watatu kwa kila wimbo: mtunzi wa maneno, aliyetia muziki na mwimbaji. Kwenye taarab mara nyingi si mtu mmoja, na mmoja akisahauliwa filamu itakwama siku ya kuonyeshwa. Msichukue sauti ya wimbo wa filamu ya Kihindi mkatia maneno yenu, ingawa ukumbini jambo hilo limezoeleka sana, COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, watakuulizeni. Jini naye apewe jina la kubuni na desturi za kubuni. Ruhani na uganga wa kweli wa watu, pamoja na aya za Qur'ani, visiguswe kabisa.

Kabla ya kualika watu wa ukumbini, chukueni sekunde 40 za wimbo wa pili, ubeti na kutoweka kumoja. Mrikodi asubuhi kwa kamera na kwa simu zote mbili, muoanishe na kugawa fremu siku hiyo hiyo, kisha mtazame kwenye skrini kubwa mtakayoipata. Kwenye simu kosa la fremu mbili halionekani, kwenye ukuta wa skuli linaonekana na kila mtu. Kifaa kitakachopoteza midomo kwenye jaribio hilo kipeni picha za mbali na za hadhira, na nyuso za waimbaji waachieni kile kilichoshika.